Kompyuta Kongwe na Haki za Walio Nyumbani

Miongoni mwa Wabarawa waliofanya makao Columbus, na Wakongo waliopokewa Louisville na Buffalo, nchini Marekani, mzee aliyepewa kompyuta iliyokwisha kutumika mikononi mwa wengine aweza kukutana na jambo ambalo, ijapokuwa dhahiri yake ni ufundi, batini yake ni suala la haki: jina la mtandao wa nyumbani laonekana kiooni, neno la siri limeandikwa sawasawa, na bado kompyuta yakataliwa.

Sababu yaeleweka. Kadi za waifai za mwanzo zilijua ulinzi mmoja tu, WEP, uliowekwa mwaka 1997. Na mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walibainisha kasoro yake, ikawa mtu aliye barabarani, akiwa na subira kidogo, aweza kuunasa ufunguo hewani. Ikaja WPA mwaka 2003, kisha WPA2 mwaka 2004, na ruta nyingi za leo hazipokei kilicho chini ya hapo. Mfumo wa Windows XP ulijumuishiwa WPA2 katika nyongeza yake ya tatu ya mwaka 2008, lakini kadi isiyo na uwezo huo haisaidiwi na nyongeza yoyote.

Hapo hutokea mshauri akasema: ishushe ruta mpaka WEP, au uondoe neno la siri kabisa, na mzee atapata kusikiliza darsa na kuonana na jamaa zake. Haja ya mzee ni ya kweli, wala simwafiki anayeidharau. Mtu aliyetengwa na jamaa zake kwa bahari nzima amepata dhara, na dhara hiyo yastahili kuondolewa. Lakini mafakihi, akiwamo Imamu Suyuti katika kitabu chake cha kanuni, walikwisha kuweka sharti kwamba dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake; na ufunguo wa nyumba ukidhoofishwa kwa ajili ya mmoja, umedhoofika kwa mama alipaye kodi kwa simu, kwa mpangaji wa chumba cha chini, na kwa mtoto afanyaye kazi za shule.

Itasemwa kwamba wote wameridhia. Ridhaa ya mtoto mdogo katika mali haihesabiwi, na mgeni aliyeingia jana hakuulizwa. Tena, ingawa tovuti nyingi sasa zina kufuli zake zenyewe, ndugu wa Bukavu aliyetuma picha za jamaa hajui kuwa picha hizo zimehifadhiwa katika nyumba isiyo na komeo. Siri zao ni amana, na mwenye ruta si mmiliki wa amana hiyo hata aisamehe kwa niaba yao.

Njia iliyobaki haimnyimi mzee kitu. Waya wa Ethernet kutoka ruta hadi kompyuta hauhitaji neno la siri, na adapta ndogo ya USB ijuayo WPA2 huifanyia kazi kadi iliyochoka, mradi iwe na programu ya kuiendesha inayokubaliana na XP. Lakini Microsoft iliacha kuitengenezea XP marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, basi bora iondolewe, iwekwe Linux nyepesi. Na gharama yake, kwa insafu, ibebwe na vijana wenye kipato, si na mzee.