Panya Mgonjwa na Haki ya Aliyefungwa

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake, twawaletea ndugu zetu mas-ala yaliyofika katika darsa yetu kwa barua. Tulipoyasoma mara ya kwanza tuliyacheka, kisha tukaona haya kwa kucheka kwetu.

Barua imetoka kwa mama mmoja mtu mzima wa papa hapa mjini. Mwanawe anakaa Uingereza pamoja na mkewe na watoto wao. Mjukuu wake, kijana wa miaka 12, anafuga panya. Si panya wa mashimoni, bali mmoja katika wale wanaozalishwa na kuuzwa madukani huko ili watu wawafuge majumbani. Panya huyo sasa amekwisha timiza miaka miwili na nusu, naye ni mzee, kwani panya wa namna hiyo huishi miaka miwili au mitatu. Amefanya uvimbe mkubwa chini ya kwapa, miguu ya nyuma imelegea, na akivuta pumzi husikika akikoroma. Baba mtu aliomba ruhusa kazini siku nzima akampeleka kwa daktari wa wanyama, akatoa fedha. Na mtoto usiku halali. Mama huyo anauliza kama yafaa katika dini fedha na machozi kumwagwa kwa ajili ya panya. Na mwisho wa barua ameandika kuwa huu ni mwaka wa nne hajamwona mwanawe, na magoti yake hayamfikishi tena hata kwa jirani.

Barua iliposomwa, mimi nilikuwa wa kwanza kucheka, na wenzangu wakanifuata. Ndipo mwanafunzi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango akauliza kwa adabu: "Sheikh, yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, hasa kosa lake lilikuwa nini?" Barza nzima ikanyamaza.

Hadithi ya mwanamke huyo imepokewa na Bukhari na Muslim, na kila mtoto wa chuoni aijua. Wengi wetu tukiisimulia husema kuwa alimtesa paka, tukaishia hapo. Lakini tuitazame vizuri. Mtume (s.a.w.) ametueleza mambo mawili kwa pamoja: kwamba alimfungia paka huyo bila ya kumpa chakula wala maji, na kwamba hakumwachilia akajitafutia vidudu vya ardhini. Paka wa njiani hatuulizwi kwa nini jana hatukumlisha. Riziki yake iko kwa Mola wake, na miguu ya kuifuata anayo. Lakini pale mtu anapomtia kiumbe ndani akafunga mlango, amemnyang'anya miguu yake. Basi hana budi sasa yeye awe ndiye miguu yake. Mlango ule ndio uliomtwika mzigo. Kumpenda au kutompenda hakukutajwa.

Na wanavyuoni wetu hawakuliacha jambo hili likawa ni huruma tu ya moyoni, wamelifanya hukumu. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, ameeleza kuwa mwenye mnyama humlazimu kumlisha na kumnywesha. Akikataa hulazimishwa: ikiwa ni mnyama aliwaye, ama amwuze, ama amlishe, ama amchinje, na ikiwa ni asiyeliwa, ama amwuze ama amlishe. Hii ni haki ambayo kadhi huweza kumsimamia asiyeweza kusema.

Huenda mtu akajibu: "Hayo ni ya paka na punda. Panya ni fasiki." Kweli, Bibi Aisha (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa panya ni katika wale watano waharibifu wanaouawa hata ndani ya Haram, pamoja na kunguru, mwewe, nge na mbwa mkali. Tena tumeamrishwa kuzima taa tulalapo, kwa kuwa kijifasiki hicho huenda kikavuta utambi kikawaunguza watu nyumbani mwao. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu wamekataza kuwafuga hao watano. Basi tungaliulizwa kabla ya panya huyo kununuliwa, tungalisema asinunuliwe. Na akisha kufa, asinunuliwe mwingine. Kuhusu twahara, kumgusa panya aliye hai hakutengui udhu wala hakunajisi mkono mkavu, lakini mkojo na kinyesi chake ni najisi, na mtoto na aoshe mikono na nguo kabla ya Sala.

Lakini kosa la kununua halikumpa mtu ruhusa ya kudhulumu. Mwenye kuingia deni lisilomfaa, hulilipa vile vile. Panya huyu hakujileta nyumbani kwa watu wala hakutoboa gunia la mtu. Alizaliwa tunduni, akauzwa tunduni, akazeekea tunduni. Hawezi kusemwa kuwa afunguliwe mlango aende zake, kwani hajui shimo wala hajui adui, na baridi ya huko itamwua kabla ya paka. Kumwachilia kulikotajwa katika hadithi ni kumwachilia anayeweza kujitafutia. Ndugu zetu wa Lamu wanalijua jambo hili kwa punda. Mtu humtwika punda mawe na mchanga miaka mingi, na siku nguvu zinapokwisha humfungua kamba akamwacha azunguke vichochoroni akila takataka, naye akajiona amemfanyia hisani! Huyo hakumwachilia mnyama. Amekimbia deni lake. Mwaka 1987 palifunguliwa Lamu kituo cha kutibu punda bila ya malipo, na walioanzisha kazi hiyo ni watu wa Uingereza. Twawashukuru, lakini yatupasa kujiuliza: sisi wenye hadithi ya paka tulikuwa wapi?

Tena tusidhani kuwa jina la fasiki limemwondolea panya kila kheri. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, shirika liitwalo APOPO hufundisha panya buku, ambao ni jinsi nyingine wala si hawa wa majumbani, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu 71 ya kutegwa ardhini na silaha nyingine 38 zisizolipuka. Alipozeeka, mwaka 2021, alistaafishwa, akatunzwa mpaka akafa Januari 2022 akiwa na miaka minane. Waliomtumia hawakumtupa jaani siku pua yake ilipochoka.

Ama fedha, hapa pana tafsili. Chakula na maji ni wajibu, lakini dawa haikufikia daraja hiyo. Hata mtu kujitibu nafsi yake, wanavyuoni wetu wengi wamesema ni sunna. Kwa hivyo baba huyo hakulazimika kumpasua panya mzee kwa gharama kubwa, na pengine uvimbe ukarudi. Akiwa na deni, au ana mzazi mhitaji, hao wamemtangulia panya, na kuwaruka ni makosa. Lakini kumwuliza daktari mara moja ili ajulikane ana nini si israfu. Na mambo mengi yanayompunguzia taabu hayana gharama: tandiko kavu libadilishwe kila siku, kwani mvuke wa mkojo humzidishia maradhi ya kifua, chakula kilainishwe, maji na chakula viwekwe chini karibu naye, asilazimike kupanda kwa miguu isiyopanda, awekwe mahali penye joto pasipo upepo.

Limebaki swali zito. Ikiwa daktari amekata tamaa, na mnyama hali tena, na kila pumzi ni adhabu, yafaa kumwua ili apumzike? Katika hili pana khitilafu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wamekataza kumchinja mnyama asiyeliwa, kama punda aliyelemaa, hata kwa nia ya kumpumzisha. Na miongoni mwa wanavyuoni wa Kimaliki wapo walioruhusu pale matumaini yanapokatika. Ama panya, yeye ni katika wale ambao Sharia yenyewe imeruhusu kuuawa, kwa hivyo kizuizi hicho hakimfikii. Hadithi ile ile ambayo watu huishika ili wasimhurumie, hapa imemfungulia mlango wa kupumzishwa. Yaliyobaki ni namna ya kuua.

Na namna si jambo dogo. Muslim amepokea kwa Shaddad bin Aus (r.a.) kuwa Mwenyezi Mungu amewajibisha wema katika kila kitu, hata katika kuua na kuchinja. Basi daktari anayemlaza kwanza kwa dawa ya usingizi, kisha akamtia sindano ya mwisho, amefuata maana ya hadithi hii, akiijua au asiijue. Ama kumtumbukiza panya katika ndoo ya maji, au kumnasisha katika gundi akavutana nayo usiku kucha mpaka ngozi ikachunika, au kummwagia mafuta ya taa na kumtia kibiriti huku watoto wakishangilia, hayo siyo aliyoyaruhusu Mtume (s.a.w.), naye amekataza kuadhibu kwa moto. Nami sisemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Siku ile ya barua nilikumbuka mtego wa jikoni kwangu, na birika la maji yaliyochemka nililolimimina kwa mkono wangu, na nilivyokwenda kusali nisione kitu. Kuua nilikuwa na ruhusa nako. Maji ya moto nitayajibu.

Basi mama yetu, jawabu la swali lako ni hili: mjukuu wako hakukosa kumwuguza panya wake, wala machozi yake si ya kuchekwa. Anajifunza kukaa na mwili uliozeeka, unaonuka na kukoroma, bila ya kuona kinyaa, na elimu hiyo wengi wetu hatunayo. Mpigie simu umwulize hali ya mgonjwa wake. Yeye ndiye atakayekuuguza wewe na babake siku moja, inshallah, akikuta mlango wa moyo wenu uko wazi.

Na wewe ndugu yetu uliyeko Uingereza, karatasi hii itakufikia, kwani mama ametuahidi kuituma. Haki ya panya haiondoi haki ya mama, wala haki ya mama haiondoi haki ya panya. Hatukulaumu kwa siku ile uliyoomba kazini. Twakukumbusha tu kuwa umejua sasa ya kuwa siku huombwa na hupatikana. Mama yako hakufungwa na mtu. Magoti ndiyo yaliyomfungia mlango, naye ameketi ndani, na miguu yake ni nyinyi. Wala haki yake haikutokana na mlango huo. Mwenyezi Mungu ameiunganisha na ibada yake mwenyewe katika Suratul Israa, akawataja hasa wazazi waliofikia uzee wakiwa kwetu. Aliye mbali na asitafute udhuru katika neno hilo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyowatenda wasioweza kusema, atupe subira na wazee wetu, na awakutanishe mama huyu na mwanawe katika kheri. Naye ndiye Mjuzi zaidi.