Usitupe Mbachao kwa Msala Upitao

Methali hii haisemi kwamba mbacha ni mzuri. Mbacha ni mkeka uliochakaa, kingo zimekatika, pengine una tundu katikati, na aliyetunga usemi huu alilijua hilo. Msala, yaani mkeka wa kuswalia, nao ni mzuri kweli, wala hakuna anayeukashifu. Kasoro yake ni moja tu: uko begani mwa mtu mwingine, naye yumo njiani. Akishapita, aliyetupa chake atakaa mchangani.

Wengi huitumia kutetea kila cha zamani, na hapo huionea. Anayekaripiwa si yule anayebadilisha, bali yule anayeacha alicho nacho kwa sababu jicho lake limevutwa na kitu ambacho hajakishika. Ndiyo maana inakaa jirani na nyingine iliyo kali zaidi, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Tuipime basi kwa suala la kumfukuza kocha. Huko Marekani, msimu wa mpira wa wavu wa wanawake vyuoni huanza Agosti na fainali huchezwa Desemba. Timu iliyopoteza mechi nyingi humaliza mapema, na hapo wazazi, wahitimu na wafadhili huanza kumuuliza mkurugenzi wa michezo swali lilelile: kocha huyu tunaye wa nini?

Tukitazame chuo cha USC cha Los Angeles. Mick Haley alifika pale 2001, akitoka kuiongoza timu ya taifa ya Marekani kwenye Olimpiki ya Sydney, akatwaa ubingwa wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, mwaka 2002 na 2003. Kisha miaka ikaenda bila taji la tatu. Desemba 2017, timu ikiwa imetoka kufika robo fainali ya taifa, chuo kikaachana naye baada ya misimu 17. Aliyemfuata, Brent Crouch, alikaa misimu miwili akahamia chuo cha Auburn. Sidai kwamba Haley angeleta taji lingine kama angebaki. Ninachoona ni kwamba kikosi cha robo fainali ni mkeka ambao vyuo vingi vingeulalia kwa furaha.

Kinaya ni kwamba kabla ya Haley kuwasili, timu hiyohiyo ilishikwa kwa muda na kijana aitwaye Jerritt Elliott, ambaye mwaka 2001 alikwenda Chuo Kikuu cha Texas. Texas ilimngoja. Mwaka 2009 alitangulia kwa seti mbili bila kwenye fainali dhidi ya Penn State, akapinduliwa. Ubingwa wake wa kwanza ulikuja 2012, msimu wake wa kumi na mbili, na mataji mengine yakafuata 2022 na 2023. Lakini tusidanganyane: Texas ya miaka ile haikuwa ikizama, ilikuwa ikibisha mlangoni. Kumvumilia kocha anayepoteza fainali na kumvumilia anayefungwa na kila jirani ni subira mbili tofauti, na methali yetu inasimamia ile ya kwanza kwa urahisi zaidi kuliko ya pili.

Kwa ile ya pili, mfano ni Louisville. Chuo kile kilibadilisha kocha, kikamchukua Dani Busboom Kelly kwa msimu wa 2017, na mwaka 2021 timu ikafika nusu fainali ya taifa kwa mara yake ya kwanza. Ikacheza fainali ya 2022, ikacheza na ya 2024. Anayeng'ang'ania kwamba mbacha usiguswe kamwe aijibu Louisville. Kisha, Januari 2025, kocha huyo naye akaondoka kurudi Nebraska, alikowahi kuchezea. Msala ulipita! Ila ulikaa misimu minane, na waliokaa juu yake walikula matunda.

Ile fainali ya 2024 Louisville waliipoteza kwa Penn State, chuo ambacho Russ Rose alikifundisha kuanzia 1979 hadi 2021 na kukipa mataji saba. Alipostaafu hawakwenda mbali. Walimpa timu Katie Schumacher-Cawley, msaidizi wake, aliyekuwa mchezaji katika kikosi chake cha ubingwa wa 1999, naye akawa kocha mkuu wa kwanza mwanamke kutwaa ubingwa huo wa wanawake wa daraja la juu.

Hata hivyo, kuna jambo methali hii haikulifikiria. Inazungumza na mwenye mkeka, mtu ambaye ndiye anayeutupa na ndiye atakayelala chini. Chuoni watu hao ni wawili. Anayetupa ni mkurugenzi, akisukumwa na wenye fedha, na anayelala ni binti wa miaka 19 mwenye misimu michache tu. Ukimwambia asubiri miaka mitatu kocha ajifunze kazi, umemtoza yeye bei ya subira yako. Ukimfukuza kocha, umemwondolea mtu ambaye kwa ajili yake alitoka kwao. Kwa sheria za NCAA, kocha mkuu akiondoka, wachezaji hupewa dirisha la kuhama, kwa hiyo seta na mpigaji bora wanaweza kuwa wamekwenda kabla kocha mpya hajafungua begi. Na akiwa kocha anawadhalilisha wachezaji, mjadala wa ushindi haupo tena. Huyo aondoke hata kama anashinda.

Kwa timu inayosuasua bila aibu ya namna hiyo, mimi nisingeanza na idadi ya mechi zilizopotea. Ningewatazama wachezaji wa mwaka wa tatu. Je, wanapokea sevu vizuri kuliko walipoingia? Kama wanapanda na matokeo hayapandi, huenda shida ni ufinyu wa bajeti au seta aliyehitimu bila mrithi, na kocha mpya ataikuta palepale. Kama wamesimama walipokuwa, au wameshuka, mkataba usiongezwe. Lakini kabla ya kuitisha mkutano na waandishi, mkurugenzi awe ameshazungumza na mtu aliye tayari kuja, kwa mshahara ambao chuo kinaumudu, na ajue mtu huyo atakaa kwa muda gani.