Kitabu Kisichotahiniwa

Wiki iliyopita hapa Munje, msichana aliyemaliza kidato cha nne alimwomba mwalimu mmoja amwazime Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi. Mtihani ameufanya kwa Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, na hamu ya riwaya haikuishia kwenye chumba cha mtihani. Mwalimu akamjibu mbele ya baraza nzima: "Mwanangu, hicho hakitahiniwi. Kina faida gani? Tafuta cha kukusaidia." Msichana akajitanda leso yake vizuri, akaaga, akaenda zake. Jibu lile linanichoma hadi leo.

Riwaya ni nini na faida ni nini, vitabu vya shule vimekwisha eleza. Ninalouliza ni hili: mtu huchaguaje kitabu kinachofuata, na nani mwenye haki ya kumdai sababu?

Wapo wasemao vitabu ni ghali na pato la bahari ni la msimu; ni kweli. Wapo wazazi wanaochelea maadili. Wana haki ya kuuliza.

Lakini hili la "kina faida gani"! Anayeuliza anataka faida itajwe kabla kitabu hakijafunguliwa. Aitaje nani? Msichana hajakisoma. Mwalimu, hata kama alikisoma, alipata yake, kwa umri wake na machungu yake. Katika maandishi ya Plato, Meno anamuuliza Sokrate: utakitafutaje usichokijua? Msomaji yuko papo hapo. Akimfuata Yasmin wa Vuta n'Kuvute, binti wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa mzee asiyempenda, huenda akaanza kujali jambo ambalo jana hakulijali. Kipimo chenyewe cha faida kinageuka akiwa katikati ya kurasa. Vipi basi ahukumiwe kwa kipimo cha jana?

Tena, vitabu vya mtihani navyo vilitoka wapi? Utengano ya Said Ahmed Mohamed ilichapishwa 1980, miaka mingi kabla wanafunzi wa Kenya hawajatahiniwa kwayo. Maimuna, mhusika wake mkuu, aliteseka vile vile katika miaka yote hiyo. Je, mateso yake yalianza kuwa na faida siku jina la kitabu lilipoingia kwenye orodha? Na orodha ilipobadilishwa, faida ikaondoka nayo? Mwalimu anayefikiri hivyo amewakabidhi watunga mitihani moyo wake wa kusoma, na sasa anataka kuwakabidhi na wa binti wa watu.

Na wazee wetu, mbona hawakusoma hivyo? Utendi wa Tambuka ni wa 1728, na tenzi za namna ile zilighaniwa. Nakala moja ilitosha masikio mengi. Mghani alivuta sauti, wasikilizaji wakaijua mizani kabla ya kulijua neno, na mtoto aliyesinzia mapajani mwa nyanya yake aliamka na beti kichwani. Mambo haya naweza kuyazungumza usiku kucha.

Ila huko nako msikilizaji hakuchagua. Alichaguliwa na mghani. Mimi mwenyewe natamani kumwambia yule msichana aanze na Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ndipo aje kwa Adam Shafi. Nikimwambia hivyo, nimemchagulia, kama mwalimu alivyotaka kumchagulia. Nikinyamaza, atachagua kati ya vitabu gani, ikiwa alivyowahi kuonyeshwa ni vya mtihani tu? Mkono unaompa mtu kitabu na mkono unaomnyima, yote miwili imeamua kwa niaba yake. Naamini hailingani, lakini tofauti yake sijaweza kuieleza ikanitosha.