Iwashe Hiyo Mashine ya 1981

Kama una IBM PC ya zamani inayokula vumbi stoo, usiwape wanunuzi wa vyuma chakavu wakaipime kwa kilo. Itoe, ifute, iweke mezani. Leo inawaka!

Ni modeli 5150, iliyotangazwa Agosti 1981, yenye prosesa ya Intel 8088 ya megahezi 4.77. Ile ya bei ya chini kabisa ilikuja na kumbukumbu ya kilobaiti 16. Usiidharau kwa udogo wake. Kwa sababu ya udogo huo unaweza kuielewa yote, wewe mwenyewe, tangu swichi hadi herufi ya kwanza kwenye skrini. Simu iliyo mfukoni mwako haikupi nafasi hiyo.

Kwanza soma kibandiko cha pawasaplai. Zilizouzwa Marekani zilitengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka hivi hivi kwenye umeme wetu, umeiua. Tafuta transfoma ya kushushia umeme. Hapo pekee ndipo ninapokusihi usiwe na haraka. Kisha safisha kichwa cha draivu kwa pamba na alkoholi safi.

Sasa chukua flopi ya DOS, ile pana ya inchi tano na robo. Ishike kwenye ganda. Utando wa kahawia unaochungulia kwenye tundu usiuguse hata kwa ncha ya kidole. Isukume taratibu kwenye draivu A, lebo ikiwa juu, funga kilango. Washa ile swichi kubwa nyekundu iliyo ubavuni kulia.

Subiri. Mashine inajikagua na kupima kumbukumbu yake, na skrini haikuambii kitu. Wengi huzima hapo hapo wakidhani imekufa. Wewe usizime! Mlio mfupi mmoja ukisikika, imefaulu. Taa ya draivu inawaka, flopi inazunguka mara 300 kwa dakika, na kinachosomwa kwanza ni baiti 512 tu. Hizo chache ndizo zinazoita faili za mfumo, nazo zinaita COMMAND.COM, hadi unaulizwa tarehe na saa. Bonyeza Enter mara mbili, uione A> ikikungoja.

Ikikuletea BASIC badala yake, furahi: mashine ni nzima, maana BASIC hiyo imo kwenye chipu zake za ROM. Flopi ndiyo haikusomeka. Safisha tena kichwa, jaribu flopi nyingine, na nyingine. Usikubali kushindwa na kipande cha plastiki!

Ikiwaka, kama ina draivu mbili, andika DISKCOPY A: B: upate nakala siku hiyo hiyo, kwa kuwa flopi za umri huu hufa bila taarifa. Halafu mwite kijana wa jirani anayesomea kompyuta. Mpe kiti, zima kila kitu, na safari hii aiwashe yeye.