Mali Iliyonunuliwa kwa Simu

Mama mmoja aliagiza kwa simu viatu vya shule vya mwanawe, akalipa kwanza. Vilipofika, kumbe vyote viwili ni vya mguu wa kushoto! Akamtukana kijana wa pikipiki aliyevileta, ambaye hata kifurushi hakukifungua. Hasira yake twaielewa. Lakini yule kijana alikosa nini?

Katika Injili ya Mtakatifu Mathayo, sura ya 18, Bwana wetu atufundisha kumwendea aliyetukosea tukiwa sisi na yeye tu, kisha kuchukua mashahidi, ndipo neno lipelekwe mbele. Njia hiyo yafaa sokoni pia. Mwandikieni muuzaji siku ile ile, kwa adabu, mkitaja mnachodai: kubadilishiwa mali au kurudishiwa fedha. Mashahidi wenu ni tangazo lake, picha ya kitu kilivyofika, na ujumbe wa malipo, msiufute. Akikaidi, Tanzania iko Tume ya Ushindani, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003; na akiwa tapeli, hayo ni ya polisi. Tena Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yamtaka muuzaji ataje jina na anwani yake. Afichaye vyote viwili, msimpe fedha kabla ya kuiona mali.

Nasi wanunuzi tusijihesabie haki. Yuko avaaye gauni arusini Jumamosi, na Jumatatu alirudisha akisema halikumtosha. Amri ya saba yamhusu naye, kama imhusuvyo mwenye duka.

Na yule kijana wa pikipiki bado hajaombwa radhi.