Mtoto Anayekwama Kitabuni

Yuko mtoto ajibuye Katekisimu pasipo kukosa neno, kwa kuwa ameisikia. Bali mpeni kitabu kile kile mkononi, atakwama. Ataona “b” aseme “d”. Neno alilolisoma mstari wa juu, chini atalikuta kama geni. Watu husema, “Mvivu huyu,” na fimbo hufuata.

Sivyo. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwepesi wa hesabu, mwenye macho mazima, asiyeweza kusoma. Hali hiyo huitwa disleksia. Si uvivu wala upungufu wa akili. Mara nyingi hufuata ukoo. Basi baba aukumbuke utoto wake kabla hajainua mkono.

Katika Kiswahili hujificha, maana herufi zetu hazibadili sauti: mtoto aweza kusoma bila kosa, ila polepole mno, na mwalimu asitambue. Apimwe kwanza macho na masikio. Kisha afundishwe kila siku kidogo, sauti ya herufi kwanza, halafu silabi, akiziandika kwa kidole mchangani huku akizitamka.

Na Komunyo ya Kwanza? Kanuni ya 913 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 yataka mtoto alifahamu fumbo la Kristo kwa kadiri ya uwezo wake, akampokee kwa imani na ibada. Juu ya kusoma haisemi neno. Katekista aliyemrudisha nyumbani mtoto wa namna hii na amwite, amwulize kwa mdomo.