Je, Aliye na Kidogo Alifanya Kazi Kidogo?

Twapenda kumpima mtu kwa yaliyomo nyumbani mwake. Tuonapo ghala tupu, twasema, "Huyu ni mvivu." Tuonapo ghala lililojaa, twasema, "Huyu amejituma." Je, hukumu hiyo ni ya haki? Hebu tuipime kwa jambo lililo mbali na ugomvi wetu wa kila siku, yaani nyota.

Wataalamu wa nyota huita "metali" kila elementi iliyo nzito kuliko hidrojeni na heli, hata oksijeni tuivutayo. Mwanzoni mwa ulimwengu metali hizo zilikuwa karibu hazipo; zilipikwa baadaye ndani ya nyota. Nyota kubwa zifapo hulipuka na kutawanya zilichokipika, na katika gesi hiyo nyota nyingine huzaliwa. Basi galaksi yenye metali chache mno yaonekana kama nyumba isiyofanya kazi.

Ndivyo ilivyodhaniwa I Zwicky 18, galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 59 hivi. Kwa muda mrefu baadhi ya wataalamu waliiona kuwa changa, kana kwamba ndiyo kwanza yaanza kuzaa nyota. Mwaka 2007 darubini ya Hubble ilionyesha ndani yake nyota nyekundu zenye umri wa miaka bilioni 1 au zaidi. Kumbe haikuwa ya jana.

Yenye funzo kubwa zaidi ni Leo P, iliyotangazwa mwaka 2013 baada ya kugunduliwa kwa darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico. Oksijeni katika gesi yake ni kama asilimia 3 tu ya kiwango cha Jua. Mwaka 2015 Kristen McQuinn na wenzake waliifanyia hesabu kama mweka hazina mwaminifu: walikadiria oksijeni yote ambayo nyota zake zimetengeneza tangu zamani, kisha wakailinganisha na iliyobaki. Wakaona kwamba asilimia 95 hivi imekwisha kutoka. Galaksi hiyo ni nyepesi na mvuto wake ni dhaifu. Nyota zake zilipolipuka, gesi yenye utajiri ilisukumwa nje. Galaksi kubwa nayo ina milipuko, lakini mvuto wake huzuia sehemu kubwa zaidi. Leo P ilizaa. Iliyokosa ni nguvu ya kushika.

Hapa ndipo akili yapaswa kusimama. Wavivu wapo, hatukatai. Lakini uvivu ni shtaka, na shtaka huhitaji ushahidi. Ghala tupu peke yake si ushahidi. Asiyeuliza ni kiasi gani kilizalishwa, na kilikwenda wapi, hana haki ya kutoa hukumu.

Tena wajibu wetu wapita ule wa mtazama nyota. Nyota hazina utashi, wala mvuto si dhuluma. Bali upepo uchukuao jasho la mnyonge mara nyingi una mwenyewe: mkopeshaji wa riba kali, au mnunuzi apangaye bei peke yake wakati wa mavuno. Mtaalamu akishajua oksijeni ilikotokea na ilikokwenda, kazi yake imekwisha. Sisi hatuna budi kuuliza pia ni nani aliyechukua, na kama sehemu yake haikufika katika ghala letu.